Tairi la mbele kushoto linachemka na gari inavuta: ni kalipa kweli au kuna kingine? (Premio)

#1 Mwendo wa Kati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Premio ya 2004, injini 1NZ, breki za disiki mbele na dramu nyuma. Tairi la mbele kushoto limeanza kushika lenyewe. Asubuhi nikitoka Kimara gari ni nyepesi kabisa. Nikishaingia kwenye foleni ya Ubungo, breki ikikanyagwa na kuachiwa, kukanyagwa na kuachiwa, gari inaanza kuwa nzito. Nikiachia pedali haiserereki kama zamani, usukani unavuta kushoto, na nikifika mjini nikishuka nakutana na harufu ya kuungua. Rimu ya kushoto huwezi kusogeza mkono. Ya kulia ni vuguvugu tu. Nikiiacha ipoe, inarudi kuwa nyepesi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi amefungua tairi, akatazama, akasema kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye disiki, imekufa, ninunue ya mtumba, tena kwa usalama ninunue mbili. Sikatai kama ndivyo. Ila sijaona kitu alichopima hadi kufikia jibu hilo, na gari hii inapeleka watoto shule kila siku, wangu na wa jirani. Nataka nijue ugonjwa kabla ya kulipia dawa. Kuna njia ya kujua kwa uhakika kama ni kalipa? Na je, naweza kuendelea kuitumia huku nikijipanga?

#2 Kijana wa Spea

Badilisha kalipa mkuu. Kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, Dar, zimejaa, zinatoka na pedi zake kabisa. Tairi likichemka upande mmoja ni kalipa, hakuna kingine.

#3 Fundi wa Breki

Mkuu mleta uzi, shikilia hela yako kwanza. Tairi kuchemka upande mmoja kunaweza kutoka kwenye kalipa, pini zake, pedi zilizokwama kwenye bano (fremu ya chuma inayozishikilia), au paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki. Hata bearing ya tairi ikifa inachemsha, lakini hiyo huja na mvumo unaoongezeka na mwendo, na ukiinua tairi ukalishika juu na chini utasikia linacheza.

Ngoja nieleze kalipa ya gari yako inavyofanya kazi, maana ukiielewa utajua mwenyewe pa kutafuta. Ni kalipa ya kuelea, ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi ya ndani. Pedi ikishagusa disiki, mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Sasa ukiachia, watu wengi wanadhani kuna springi inayoirudisha pistoni. Hakuna. Kinachoirudisha ni sili, ile raba ya pembe nne iliyokaa kwenye mfereji ndani ya silinda. Breki ikikanyagwa sili inapinda pamoja na pistoni, ikiachiwa inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, chini ya milimita moja. Kazi yote ya kuachia breki inategemea kanguvu hako kadogo. Ndiyo maana kutu kidogo, pini kavu, au njia nyembamba ya mafuta kurudi inatosha kufanya tairi lishike.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye breki yoyote inayong'ang'ania ni hili: kinachobana ni presha iliyonaswa, au ni chuma kilichoganda? Kipimo chake hakihitaji mashine.

Endesha mpaka tatizo litokee, usisubiri lipoe. Simama mahali tambarare, weka kabari matairi ya nyuma, inua upande wa mbele kwa jeki na ulaze gari kwenye stendi. Usiingize mkono kwenye gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Zungusha tairi uone ugumu wake. Kisha tafuta nipo ya kutolea upepo juu ya kalipa, spana mara nyingi namba 8 au 10. Tumia spana ya duara, ya mdomo wazi inaivunja kichwa. Chomeka mpira mwembamba wa kuonyesha kwenye nipo, ncha ya pili iwe ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Vaa miwani, mafuta yatakuwa ya moto. Legeza robo mzunguko tu.

Yakiruka mafuta na tairi likaachia papo hapo, ilikuwa presha. Kalipa yako haina kosa, ilikuwa inabanwa na mafuta yaliyokataa kurudi. Funga nipo, nenda kipimo cha pili: kanyaga breki hadi tairi lishike tena, kisha legeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na paipu ya mpira. Hapo ukilegeza na tairi likabaki limeshika, halafu ukilegeza nipo likaachia, paipu ya mpira imeziba kwa ndani. Ukilegeza kwenye bomba la chuma na tairi likaachia, tatizo liko juu zaidi, kwenye masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) au kwenye pedali yenyewe.

Ukifungua nipo na tairi likabaki gumu vilevile, hapo ndipo unamgeukia kalipa: pistoni, pini, au pedi.

Dakika chache tu hizo, na zinaamua unanunua kitu gani. Fundi anayeuza kalipa bila kugusa nipo anabahatisha kwa hela yako.

#4 Mwendo wa Kati

Asante sana fundi, hili ni darasa. Kesho nikitoka kazini napitia kwa rafiki mwenye stendi. Swali langu la pili bado: naweza kuendelea kuitumia?

#5 Dereva wa Kitonga

Hapana mkuu, na nieleze kwa nini, maana watu wanadhani hasara ni kula pedi na mafuta ya gari tu.

Breki inayoburuta inapika mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3, ambayo ndiyo Toyota nyingi hutumia, yakiwa mapya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205. Lakini mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, na yakishanywa maji kiwango kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakiwa na maji. Disiki inayosuguliwa bila kupumzika inapita huko bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedali inazama hadi sakafuni. Yaani gari ambayo breki yake imeshika sana ndiyo hiyohiyo inaweza kukosa breki kabisa, na inatokea mteremkoni.

Mimi napita mlima Kitonga, njia ya Iringa, na mizigo. Nimeona magari yamesimama pembeni moshi unatoka kwenye tairi moja, na dereva anamwagia maji kwa ndoo. Wadau, tafadhali msimwagie maji disiki iliyochemka. Chuma cha moto kikipozwa ghafla kinapinda au kinapasuka. Simama, weka gari kwenye gia, weka kabari, acha ipoe kwa upepo. Kama kuna moto unawaka kweli, tumia mtungi wa kuzimia moto na watu washuke.

#6 Mkaazi wa Mombasa

Nikazie alipogusa fundi kuhusu pini. Huku kwetu pwani upepo wa bahari unakula kila kitu, na kesi nyingi ninazoziona si pistoni, ni pini. Ile raba ndogo inayofunika pini ikichanika, maji ya chumvi yanaingia, pini inapata kutu, kalipa haitelezi tena.

Zitoe pedi uzitazame kabla hujazitupa, zinasema ukweli. Pedi zote mbili zikiwa zimeliwa sawa, pini ziko hai. Ya ndani imeisha na ya nje bado nene: pistoni hairudi, au kalipa haitelezi kwa hiyo pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Ya nje imeisha zaidi: pistoni inarudi vizuri, lakini kalipa imegandia kwenye pini na pedi ya nje imebaki imelalia disiki. Pedi imeliwa mshazari, nene upande mmoja nyembamba upande wa pili: mara nyingi pini moja imeganda na nyingine inateleza.

Na msisahau vile vibati vya chuma ambamo masikio ya pedi hukaa. Kutu inaota chini ya kibati, inakiinua, pedi inabanwa. Unakuta pini safi, pistoni safi, lakini pedi imeingizwa kwa nyundo. Pedi lazima iteleze kwa nguvu ya vidole. Toa vibati, kwangua kutu kwenye bano kwa brashi ya waya na tupa ya kukwangulia chuma, kisha virudishe. Masikio ya pedi yenyewe usiyapunguze ovyo.

#7 Kijana wa Spea

Pini zikikauka paka grisi ya bearing, mbona tunapaka miaka yote na magari yanatembea.

#8 Fundi wa Breki

Kijana, hapa nakupinga kwa nia njema kabisa, kwa sababu jambo hili linaharibu magari mengi.

Grisi ya bearing ya kawaida imetengenezwa kwa mafuta ya petroli. Raba za breki hazipatani nayo: zinavimba na kulainika. Kwenye Toyota nyingi pini moja ina kijiraba kwenye ncha yake. Ukiipaka grisi ile, leo inateleza vizuri na mteja anafurahi. Baada ya muda kijiraba kinavimba ndani ya tundu lake na pini inakamata kuliko ilivyokuwa kavu. Mteja harudi kwako, anaenda kununua kalipa.

Tumia grisi ya breki ya silikoni inayostahimili joto, au ile ambayo vitabu vya Toyota vinataja, ya sabuni ya lithiamu kwenye msingi wa glaikoli. Angalieni, neno lithiamu kwenye kopo peke yake halitoshi, kwa kuwa grisi nyingi za lithiamu madukani ni za petroli. Cha kutazama ni kopo liwe limeandikwa linafaa kwa raba za breki. Grisi ya shaba mahali pake ni mgongoni mwa pedi na kwenye masikio, kiasi kidogo. Usiiingize kwenye pini zenye raba.

Vivyo hivyo kusafisha. Dizeli, petroli na mafuta ya taa vikae mbali na kalipa. Osha kwa dawa maalumu ya kusafishia breki, kwa spiriti, au kwa mafuta safi ya breki. Na lile vumbi jeusi msilipulize kwa kompresa mkalivuta kifuani, lilowesheni kwanza.

#9 Kijana wa Spea

Nimekuelewa fundi. Hilo la kijiraba sikulijua. Hiyo grisi ya silikoni nitaianza kuiweka dukani.

#10 Mwendo wa Kati

Wakuu, mrejesho.

Jana nimepima. Niliendesha mpaka ikashika vizuri, nikafika kwa rafiki tukaiinua. Tairi tulilizungusha wawili kwa shida. Tulipolegeza nipo, mafuta meusi yakaruka kwenye chupa na tairi likaachia hapohapo, ukilisukuma kwa kidole linazunguka.

Tukafunga, nikakanyaga breki mara kadhaa, likashika tena. Tukalegeza nati ya bomba la chuma juu ya paipu. Tairi limeshika vilevile. Tukafunga, tukalegeza nipo, likaachia.

Yaani ni paipu ya mpira, au nimesoma vibaya? Kwa nje paipu haina hata ufa.

#11 Fundi wa Breki

Umesoma sawasawa. Ni paipu.

Kwa nje haitakuonyesha kitu. Paipu ya breki ina matabaka: raba ya ndani, nyuzi za kuimarisha, na raba ya nje. Ya ndani ikizeeka inavimba au inachanika na kipande kinalala kwenye njia. Mguu wako ukikanyaga pedali unasukuma mafuta kwa presha kubwa, yanapenya. Lakini kurudi, kinachosukuma ni ile sili tu niliyoitaja, haina ubavu wa kupita pale. Ndiyo maana asubuhi ni nyepesi na kwenye foleni inazidi kushika: kila ukikanyaga unaongeza mafuta yanayonaswa, na joto linayatanua. Ikipoa yanavuja polepole kurudi, unaona gari imepona.

Tazama pia pale paipu inapopita kwenye kibano cha chuma kilichofungwa kwenye shokapu au bodi. Kibano kikiota kutu kwa ndani kinaikaba paipu. Kuna magari ambayo ugonjwa wote ni huo.

Sababu nyingine ya paipu kufa ni mafundi wanaobadilisha pedi wakaiacha kalipa inaning'inia kwa paipu. Kalipa ni nzito. Ifungeni kwa waya kwenye springi ya shokapu, daima.

Sasa, nunua paipu mbili mpya, kushoto na kulia, zimeishi miaka sawa. Za mtumba usichukue hata ukipewa bure. Mafuta ya breki kopo jipya lililofungwa. Nunua na washa (vile vipete bapa) mpya za shaba za ile bolti inayoshika paipu kwenye kalipa, za zamani zikirudishwa huvuja. Nati ya bomba la chuma ishike kwa spana inayokumbatia kichwa karibu chote, maana ni laini na ikiviringika utajikuta unabadilisha bomba zima.

Na kwa kuwa unafungua, usifunge bila kukagua kalipa. Imepikwa muda mrefu. Toa pini moja moja, ya juu na ya chini usizichanganye, weka alama, ile yenye kijiraba ina mahali pake. Pini yenye mashimo ya kutu badilisha. Iliyo nzima isafishe, safisha na tundu lake hadi chini, paka grisi kiasi. Ukijaza grisi tundu zima, hewa na grisi vinabaki vimebanwa chini na vinaisukuma pini nje, tatizo jipya. Ukishaiingiza, minya raba yake kidogo upepo utoke.

Pistoni: irudishe taratibu kwa klampu ya herufi C, pedi ya zamani ikiwa kati, na nipo ikiwa wazi na mpira wake kwenye chupa. Usiyasukume yale mafuta machafu yarudi juu kwenye masta na ABS (mfumo wa kuzuia matairi kujifunga). Ikirudi laini kwa nguvu ya mkono, iko sawa. Ikikataa, au inakwenda kwa kuruka, au kofia yake ya vumbi imechanika na ndani kuna kutu, hapo ifungue: sukuma pistoni nje kwa pedali ya breki kabla hujakata paipu, ukiwa umeweka kipande cha mbao mbele yake. Watu wanatumia kompresa, inaruka kama risasi, vidole vinapotea. Pistoni yenye mikwaruzo au mashimo pale sili inapopita haitengenezeki, nunua nyingine pamoja na seti ya sili. Kutu ya kwenye mfereji wa sili ikwangue kwa uangalifu, hiyo ndiyo huisukuma sili ikabana pistoni kupita kiasi.

#12 Kirinyaga Road

Hamjambo wadau, niko Nairobi. Wacha niulize hapahapa. Yangu ni Probox, na zinashika zote mbili za mbele, sio upande mmoja. Ilianza baada ya mekanika kubadilisha busta (ile inayoongezea mguu nguvu kwenye breki). Ukiendesha kidogo pedali inakuwa juu na ngumu, baadaye gari inakataa kwenda. Nimeshaambiwa ninunue kalipa mbili.

#13 Fundi wa Breki

Usinunue. Kalipa mbili hazifi siku moja, na siku hiyo ikawa ndiyo siku ya kubadilisha busta.

Ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kopo lake. Kinafunguka pale tu pistoni ya masta inaporudi mwisho kabisa. Kati ya busta na masta kuna fimbo. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, inaizuia pistoni isirudi, kitundu kinabaki kimefungwa, mafuta yakipata joto yanatanuka na hayana pa kwenda. Breki zinajikaza zenyewe kidogo kidogo, pedali inapanda, kama unavyosema.

Kipimo: zikishika, legeza zile nati mbili zinazofunga masta kwenye busta, isogeze masta mbele milimita chache bila kufungua bomba. Matairi yakiachia, ni urefu wa fimbo. Irekebishwe. Yasipoachia, legeza bomba kwenye masta yenyewe; yakiachia hapo, masta ndiyo mgonjwa.

Kabla ya hayo yote, sukuma pedali kwa kidole injini ikiwa imezimwa na busta ikiwa imeishiwa nguvu, yaani umeshaikanyaga mara kadhaa. Inatakiwa icheze bure kidogo kabla ya kugusa, Toyota nyingi ni milimita 1 hadi 6. Kama haichezi hata kidogo, tazama swichi ya taa za breki juu ya pedali. Ikifungwa ndani sana inaisukuma pedali na matokeo ni yaleyale.

Jambo la mwisho, fungua kopo la mafuta ya breki utazame raba iliyo chini ya kifuniko. Ikiwa imevimba na kulegea, kuna mtu ametia mafuta ya injini au ya pawa stelingi. Hapo hakuna njia ya mkato: kila raba kwenye mfumo mzima inabadilishwa.

#14 Bongo Minnesota

Salaam kutoka Minneapolis. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagwa chumvi kuyeyusha barafu, kwa hiyo habari za Mkaazi wa Mombasa tunazijua vizuri. Hata nyumbani wanaoagiza magari Japani waangalie: yaliyotoka mikoa ya theluji kama Hokkaido yanaweza kuwa na kutu nyingi chini, na kalipa ni mojawapo ya mahali pa kwanza pa kukagua.

Naongeza kimoja kwa wenye disiki nyuma. Kalipa za nyuma ambazo hendibreki imo ndani yake, nyingi pistoni yake hairudi kwa kusukumwa kwa klampu, inarudi kwa kuzungushwa huku ukiibana. Ukiilazimisha unavunja utaratibu wa ndani. Na gari yenye hendibreki ya umeme lazima kwanza iwekwe kwenye hali ya matengenezo. Ikiwa la nyuma ndilo linaloshika, kagua na waya wa hendibreki, na kile kijimkono kwenye kalipa kama kinarudi hadi mwisho.

#15 Mwendo wa Kati

Wakuu, kazi imekamilika Jumamosi.

Paipu zote mbili za mbele mpya. Ile ya kushoto tumeipasua kwa kisu kwa urefu wake: raba ya ndani imevimba, na karibu na kichwa cha chuma kuna kipande kimechanika kimelala kikifunika njia. Ya kulia ndani nayo imeanza kuwa na nyufa. Nimeona kwa macho yangu sababu ya kubadilisha zote.

Pistoni ya kushoto ilirudi laini kwa klampu, kofia yake haijachanika, tumeiacha. Pini ya chini ilikuwa kavu na raba yake ina tundu, tumeweka raba mpya na grisi ya silikoni. Pedi za kushoto zilikuwa zimeng'aa kwa kupikwa, ya ndani imebaki nyembamba mno, tumeweka seti mpya pande zote mbili. Disiki tumepima, unene bado uko juu ya kiwango cha chini kilichochapwa kwenye disiki yenyewe, haina nyufa.

Wakati wa kutoa upepo rafiki yangu aliweka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Akasema kwenye gari ya zamani masta haijazoea kufika kule, kuna kutu, inachana raba zake. Ni kweli?

Nimeendesha Kimara hadi Kariakoo na kurudi kwenye foleni. Rimu zote mbili zina joto lilelile. Gari inaserereka ukiachia, na usukani umenyooka. Wala kalipa sikununua.

#16 Fundi wa Breki

Hongera mkuu, na mwambie rafiki yako anaijua kazi. Ni kweli kabisa kuhusu ile mbao. Watu wengi wanatoa upepo vizuri halafu kesho yake pedali inazama polepole, wanadhani upepo umebaki, kumbe raba za masta zimechanwa siku ileile.

Pedi mpya zipe nafasi ya kukaa. Tafuta barabara tupu, fika kilomita 50 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi karibu 10 bila kusimama, endesha kidogo zipoe, rudia mara kadhaa. Usisimame umekanyaga breki kwa nguvu zikiwa za moto. Wengine mnaosoma, baada ya kurudisha pistoni pampuni pedali hadi iwe ngumu kabla ya kutoa gari pale ilipo. Kanyago la kwanza huwa linazama tupu.

Nati za tairi zikaze tena baada ya kutembea siku moja mbili, Toyota ndogo nyingi ni 103 kwa spana ya kupimia nguvu, kipimo cha Nm. Kagua maungio ya paipu kama yana unyevu. Na mafuta ya kwenye dramu za nyuma bado ni yale meusi ya zamani. Yatoe yote, anza na tairi lililo mbali na masta, hadi yatoke safi. Baada ya hapo badilisha kila miaka 2.

#17 Kirinyaga Road

Fundi, nimelegeza masta kama ulivyosema, zikaachia zote mbili mara moja. Mekanika amefungua, fimbo ya hii busta imezidi ile ya zamani, ameirekebisha. Pedali sasa inacheza kidogo kabla ya kushika. Nimetoka nayo hadi Thika na kurudi, magurudumu yako poa.

#18 Mkaazi wa Mombasa

Safi sana. Kwa ambaye bado ataenda kununua kalipa ya mtumba kwa sababu yake ni pistoni kweli: hakikisha ni ya upande sahihi. Kushoto na kulia zinafanana na zinaingia pande zote, lakini ikifungwa upande usio wake nipo inakuwa chini, upepo unabaki umekaa juu ya silinda na hautatoka hata ukipampu mpaka usiku. Ukiifunga, nipo lazima itazame juu.

#19 Mwendo wa Kati

Fundi, Mkaazi, Dereva, na wote, Mungu awabariki. Jumamosi ijayo natoa mafuta ya nyuma. Nitafungua na dramu nione raba za silinda zake, nikikuta unyevu nitauliza hapahapa.